Mwizi Aliyeacha Tairi Jipya

Abubakari alijiburuta kutoka chini ya gari la usharika, vumbi mgongoni, kipande cha kamba mkononi. Kabla hajajifuta jasho alisema maneno yaliyomfanya Rodrick aketi juu ya kopo la rangi bila kuangalia kama lina mfuniko.

"Tairi moja hapa si la kwenu."

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, katika gereji ya Abubakari kando ya barabara kuu mjini Same. Rodrick, dereva wa usharika, alikuwa ameshuka na gari kutoka juu milimani likinuka kuungua na kushtukashtuka kila kona. Na kona za mlima wetu mnazijua. Gari lenyewe ndilo linaloshusha wagonjwa na wajawazito mpaka hospitalini. Likilala, watu wanashushwa kwa bodaboda, mama mwenye uchungu amebanwa kati ya dereva na shemeji yake.

"Si la kwetu vipi?" Rodrick alinyanyuka. "Soma ubavuni! Yote manne yana namba ile ile."

"Namba ni ile ile. Njoo uone."

Abubakari alizungusha kamba kwenye tairi la mbele, akafunga fundo pale ncha zilipokutana. Akaihamishia kwenye la pili: fundo lilifika. La tatu: lilifika. Kwenye tairi la nyuma, upande wa dereva, kamba ilipungua upana wa vidole viwili.

"Hili ni jipya, kashata zake, haya meno, bado ndefu," alisema. "Wenzake wameshalika nusu. Kwa hiyo hili ni nene, linazunguka polepole kuliko wao. Gari lingine lingevumilia. Lakini hili linavuta kwa magurudumu yote manne, na hapa katikati kuna difu ya kuyapatanisha. Ni kama balozi wa nyumba kumi aliyeletewa mke na mume wanaogombana kutwa kucha. Mwisho anaugua yeye."

"Amekufa?" aliuliza Rodrick, akimaanisha difu.

"Bado. Mafuta yameungua, nitayabadilisha. Mngechelewa kidogo mngeiuza chuma chakavu. Lakini gari lisitembee mpaka matairi yawe sawa, yote manne. Namba moja, aina moja, na yawe yamelika sawa."

Akamwagia tairi lile maji. Tope jekundu la mlimani likadondoka mapande mapande, na chini yake vikatokea vile vinyweleo vya mpira ambavyo tairi hutoka navyo dukani. Kwenye tope lililosalia ubavuni ilionekana michirizi ya vidole vya mtu. Rodrick akashika kichwa.

"Letu lilikuwa na pancha! Niliiziba kwa mkono wangu, usiku ule nampeleka Victoria wa Mzee Tumainieli kujifungua. Utambi mweusi ulibaki unaning'inia. Mbona hili halina?"

"Ngoja kwanza," ilisema sauti kutoka kwenye benchi.

Ilikuwa ya Bi Yudith, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, aliyepanda lifti kwenda kununua vitambaa vya harusi. Rodrick alikuwa anamwoa Priska, binti wa kaka yake Bi Yudith. Ndoa ilikwisha kutangazwa kanisani mara mbili. Jumapili inayokuja ndiyo tangazo la tatu. Bi Yudith alikuwa amestaafu kazi, lakini kesi alikuwa hajazistaafu.

"Mwizi kachukua tairi kuukuu, akaacha jipya?"

"Ndivyo, mama."

"Halafu akalipaka tope ili lisijulikane kuwa jipya?"

"Ndivyo inavyoonekana."

Bi Yudith alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge. Moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha, Mungu amsamehe.

Rodrick alimpigia simu mchungaji pale pale. "Baba Mchungaji, fundi anasema tairi moja si la kwetu. Limebadilishwa." Hakuongeza neno, salio liliisha.

*

Wapare tunasemwa kwamba mtu atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni uongo mtupu. Atauza ng'ombe wawili, maana kuna rufaa.

Kwa hiyo Jumanne saa kumi alasiri baraza la wazee lilikuwa limekwisha kukaa katika ofisi ya usharika. Bi Yudith hakualikwa, ila alikuja na kiti chake. Mchungaji, mtu mpole asiyependa ugomvi, alianza na habari njema ili kupoza mioyo.

"Wapendwa, tumshukuru Mungu. Mnada wetu wa mavuno Jumapili ile ulifana kuliko miaka yote. Jogoo mmoja alipanda bei mpaka akafikia ya mbuzi, na hakuna aliyenung'unika."

"Amina," walisema wazee.

"Tuje kwenye tairi," alisema Mzee Tumainieli.

Huyu Mzee Tumainieli alikuwa mkulima wa tangawizi, mzee wa kanisa, mtu mwema kabisa asipokuwa ananunua kitu. Mlima mzima ulimjua kwa kubisha bei. Katika mnada wa kanisa, ambako waumini hupandisha bei kwa ajili ya Bwana, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiishusha.

"Mali ya usharika imebadilishwa bila kibali!" alinguruma. "Dereva gani huyu asiyejua kwamba tairi la nyuma, upande wake mwenyewe, limeondoka? Ama hajui kazi, ama anajua zaidi ya anavyosema!"

"Lakini aliyebadilisha kaacha jipya," alisema Bi Yudith. "Mmepata hasara gani?"

Wazee wakamtazama kama aliyetukana.

"Mama," alisema mmoja wao, "hapa hatuzungumzii hasara. Tunazungumzia haki. Kuukuu ni letu!"

"Gari limeharibika," akadakia Tumainieli, safari hii kwa sauti ya chini. "Mtu lazima awajibike."

Rodrick alisimama. "Wazee wangu, naapa sikuligusa. Tangu pancha ile niliachana na gari siku ya mavuno tu: nilimaliza ibada nikakaa mnadani na Priska mpaka mwisho. Gari lilikuwa nyuma ya kanisa."

"Na ufunguo?"

"Hapa hapa ofisini, ukutani. Kila mzee wa baraza anaweza kuuchukua."

Ilikuwa kweli, na jeki na spana vilikaa humo humo garini. Lakini kweli haikumsaidia. Ilitolewa hoja kwamba mtu aliye chini ya shutuma hawezi kutangaziwa ndoa, na baraza likakubaliana kuamua Jumamosi. Likimwona na hatia, kazi hana, na tangazo la tatu halisomwi. Priska alikuwa amesimama nje ya dirisha akisikia kila neno. Alilia mpaka Bi Yudith akamfokea.

"Nyamaza, mwanangu! Sare zimeshakatwa, na fundi cherehani harudishi kitambaa. Utaolewa!"

*

Jumatano Bi Yudith alishuka na lori la tangawizi mpaka kwa Hamisi, muuza matairi mjini. Rodrick alionekana hapo mwezi uliopita, na wazee wawili walikuwa wamelishikilia hilo kama ushahidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Rodrick wa usharika alikuja kuuza tairi?"

"Rodrick? Alikuja kununua utambi wa pancha. Hata soda nilimnunulia mimi, anaweka akiba ya harusi." Hamisi alicheka. "Kumbe mpelelezi siku hizi ni wewe?"

"Jibu maswali. Kuna mtu aliyenunua tairi moja jipya, la namba hii?" Akamsomea namba aliyoiandika kiganjani.

Hamisi aliacha kucheka. "Wallahi huyo simsahau. Watu wa magari hayo wananunua manne, au wananunua mtumba manne yanayofanana. Nikamwambia, mzee, hili moja litakuletea balaa. Akaniambia, wewe uza, mengine yatafuata kila msimu. Akataka na rimu yake kabisa."

"Mzee gani?"

"Kofia ya sufu, gunia linalonuka tangawizi."

"Nusu ya mlima inavaa kofia ya sufu na kunuka tangawizi. Ukimwona utamjua?"

"Kwa sura? Sidhani, kofia ilimfika machoni. Lakini nikimsikia akibisha bei, hata niwe usingizini nitamjua! Tulianza asubuhi. Adhuhuri nikaenda kuswali, nikarudi, yupo. Nikamkaribisha wali, akala, akashukuru, akaendelea pale pale alipoachia. Na kila nikitaja bei ananiambia, 'Mwanangu, hiyo ni bei au ni umri wa Methusela?' Hivi mama, huyo Methusela ni nani? Mpaka leo nadhani ni mshindani wangu wa biashara."

Bi Yudith, aliyemjua Methusela wa Biblia na miaka yake karibu elfu, alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaanza kupima mambo. Mtu aliyenunua tairi waziwazi, kwa fedha yake, akabisha siku nzima, halafu akalivika gari la kanisa kwa siri na kulipaka tope! Mwizi huficha alichochukua. Huyu alikuwa ameficha alichotoa.

"Hamisi, Jumamosi saa kumi simu yako iwe na chaji," alisema. "Na nikikupigia, usiseme kitu mpaka usikie."

*

Alhamisi alipita nyumba za wazee wa baraza, mmoja baada ya mwingine, eti anawasalimia. Kwa wanne wa kwanza alikula makande manne na hakuona kitu. Kwa Mzee Tumainieli alimkuta Victoria, binti wa mzee, akimnyonyesha mtoto wake Blessing barazani. Mzee mwenyewe alikuwa shambani.

"Shikamoo, mama. Karibu makande."

"Marahaba. Nimeshiba, lakini weka kidogo." Alimpokea mtoto, akambusu utosini. "Huyu ndiye aliyetaka kuzaliwa njiani?"

"Usinikumbushe! Tairi lilipata pancha kwenye kona, giza, mvua. Rodrick kalala chini ya gari anaziba, maskini, mimi napiga kelele, na baba kavua kofia kapiga magoti kwenye tope anaomba."

"Akiomba nini?"

"Nani alikuwa na nafasi ya kusikiliza? Nilisikia tu, 'Manne, Bwana, yote manne!' Nilidhani anahesabu maumivu yangu, nikamwambia, baba, mbona umesahau mengine."

Bi Yudith aliomba kwenda nyuma ya nyumba kunawa mikono. Huko alimkuta beberu mweusi akila majani, kamba yake ikiwa imefungwa kwenye gurudumu zima, rimu kwa tairi, lililolazwa chini ili asikimbie nalo. Aliinama. Kwenye kashata zilizolika nusu ulikuwa unaning'inia utambi mweusi, na beberu alikuwa ameanza kuutafuna.

"Acha ushahidi, mpumbavu wewe," alimwambia, akampiga kofi la pua.

Alirudi barazani akamalizia makande yake. Hakumwambia Victoria neno. Lakini njia nzima kurudi nyumbani hasira ilikuwa inapanda. Kwamba mtu ametoa sadaka, sawa. Kwamba amekosea, nani hakosei? Ila kukaa barazani na kumnyooshea kidole kijana aliyelala kwenye tope kwa ajili ya binti yako!

*

Jumamosi, saa kumi alasiri, chumba kilijaa. Rodrick aliketi karibu na mlango, shati jeupe, macho mekundu. Bi Yudith aliingia na kikapu mkono mmoja na jogoo mkono wa pili.

"Baba Mchungaji, kabla ya ajenda. Huyu jogoo nimemtoa kwa ajili ya matengenezo ya gari. Naomba tufanye mnada mdogo."

Hakuna mchungaji anayekataa jogoo. Bi Yudith aliweka kikapu mezani, akamwinua jogoo na kutaja bei ambayo mtu angepata nayo ndama.

Wazee wakatazamana. Mzee mmoja akajitahidi, "Kwa ajili ya Bwana, naongeza..."

"Unaongeza nini!" Mzee Tumainieli alikuwa ameshasimama, kofia imeteleza hadi kwenye nyusi. Haikuwa hiari yake, ilikuwa damu. "Mnaongeza nini nyie? Mfupa mtupu huyu! Bi Yudith, hiyo ni bei au ni umri wa Methusela?"

"NDIYE!" kikapu kilipiga kelele.

Jogoo akaruka. Mchungaji naye aliruka, ingawa baadaye alikana.

"Ndiye huyo, wallahi!" Sauti ya Hamisi ilikuwa inatoka kwenye simu chini ya vitunguu. "Alikula wali wangu! Mzee, shikamoo! Na huyo Methusela amepatikana?"

Bi Yudith alitoa simu, akamshukuru Hamisi na kuikata. Kisha akamgeukia Tumainieli, na uso wake haukuwa na kicheko tena.

"Mzee Tumainieli, Jumatatu Rodrick alisema tairi moja. Mimi nilikuwapo akipiga simu, na Jumanne barazani tulizungumza yale yale. Ni nani aliyekuambia ni la nyuma, upande wa dereva?"

Mzee alivuta kofia hadi machoni.

"Siku ya mavuno jogoo alipanda bei hadi akafikia ya mbuzi, na hakuna aliyemshusha. Miaka yote hiyo, ni lini kuku alipanda bei hapa na wewe upo? Ulikuwa wapi?"

Mnong'ono ulizunguka chumba. Hiyo waliielewa wote, hata kabla hajamaliza.

"Na beberu wako amefungwa kwenye tairi lenye utambi wa Rodrick. Au nikamlete atoe ushahidi?"

Mzee Tumainieli aliketi. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Niliweka nadhiri," alisema. "Usiku ule, mwanangu anakufa mbele yangu. Nikasema, Bwana, ukitufikisha, nitalivika gari hili matairi mapya, yote manne. Akatufikisha. Nikashukuru sana. Halafu... asubuhi nikaulizia bei."

Mtu alikohoa kuzuia kicheko.

"Nikaona nilipe kidogo kidogo. Tairi moja kila mavuno. Mungu hana haraka, ni sisi wenye haraka. Na kwa sababu imeandikwa mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, nikafanya kwa siri, nikapaka tope. Lile kuukuu ningeliuza, lakini ni mali ya kanisa, ningemwibia Mungu. Kulitupa nako siwezi. Nikamfungia mbuzi."

"Na Rodrick?" aliuliza Bi Yudith.

"Nilipoambiwa ni tairi lililoua gari, nikaishiwa nguvu. Ningekuwa nimeiba ningetubu, kutubu wizi kunajulikana. Lakini kutubu sadaka? Ningeanzia wapi? Nikaona aibu. Na nilivyozidi kuona aibu ndivyo nilivyozidi kupiga kelele."

"Ulikuwa unamnyima kijana mke," alisema Bi Yudith, "ili ufiche kwamba ulitoa robo ya ahadi!"

Rodrick alikuwa amesimama. Kwa muda ilionekana kama atatoka nje. Mzee alimfuata pale mlangoni, kofia mkononi, mbele ya wote.

"Mwanangu, ulilala kwenye tope kwa ajili ya mtoto wangu. Mimi nikakupaka tope jingine. Nisamehe."

"Nitakusamehe, mzee," alisema Rodrick. "Ila tangazo la tatu nataka ulisome wewe. Kwa sauti ile ile uliyonishitaki nayo."

Na kweli, Jumapili Mzee Tumainieli alilisoma hadi madirisha yakatikisika, na Priska alilia tena, safari hii Bi Yudith hakumkemea. Mzee mmoja alilalamika kwamba mashauri yameisha bila rufaa. Alinyamazishwa.

*

Gari lilitembea wiki ile na tairi kuukuu, likinuka beberu kidogo, mafuta ya difu yakiwa mapya. Jumatatu iliyofuata Rodrick, Bi Yudith na Mzee Tumainieli waliingia kwa Hamisi kutafuta matatu ya kufanana na lile jipya, aina ile ile, ili yote manne yafungwe siku moja.

Hamisi aliyapanga, akashusha pumzi kama mtu anayejiandaa kupanda mlima, akataja bei. Kisha akasubiri.

Mzee Tumainieli alifungua mdomo. Alimtazama Rodrick. Akaufunga, akaingiza mkono mfukoni na kuanza kutoa fedha, machozi yakimlengalenga.

"Mzee?" Hamisi alisogea. "Hubishi?"

Kimya.

"Unaumwa? Basi nipunguze. Hee, usinitazame hivyo, napunguza tena. Haya, beba kwa bei ya mwisho, na utambi wa pancha nakupa bure, lakini sema kitu!"

Mzee alishika meza.

"Yaani," alisema polepole, "miaka yote hii ningenyamaza tu?"

"Ulikuwa unanyamaza, mzee," alisema Bi Yudith, akimpokonya gunia ili Rodrick apakie matairi. "Ila ulinyamazia ukweli, pasipo pake."